Tulitia Sahihi ya Kuhudhuria, Si ya Kukubali

SOMO LA VIKUNDI

Siku hizi ni vigumu kupata kaunti isiyo na mradi mkubwa unaotajwa: barabara kuu, bwawa, bandari, machimbo, mtambo wa umeme. Na kabla ya tingatinga kufika kijijini, kwanza hufika hema na viti vya plastiki, na wageni wanaosema wamekuja kuchukua maoni ya wananchi. Somo la leo ni juu ya siku hiyo ya hema. Linahitaji kama saa mbili. Kikundi chenye shughuli nyingi kinaweza kuligawa mara mbili: igizo na kisa cha Lamu wiki moja, daftari na barua wiki ya pili. Katibu aje na kalamu na karatasi.

IGIZO LA KUANZIA

Chagueni watu wanne: Naibu wa Chifu, Afisa wa Kampuni, Mzee, na Mama Katibu wa kikundi. Wengine wote ni wananchi walioketi chini ya mti. Si lazima kukariri maneno haya, chukueni maana yake mcheze kwa lugha yenu.

NAIBU WA CHIFU: Haya wananchi, tunyamaze. Wageni wetu wametoka mbali na jua ni kali. Kwanza kila mtu atie sahihi kwenye hii karatasi. Asiyejua kuandika atie kidole.

MZEE: Sahihi ya nini, chifu?

NAIBU WA CHIFU: Ya kuonyesha ulikuja, mzee wangu. Na ya soda.

AFISA: Hamjambo wazazi wangu. Nimefurahi sana kuwa hapa kwenu. Mradi huu utaleta kazi kwa vijana, utaleta stima na barabara. Kuna swali?

MAMA KATIBU: Mimi niko na swali. Moshi wake utaelekea upande gani? Na yale maji ya moto mkiyamwaga, samaki watakuwaje?

AFISA: Swali nzuri sana, mama. Hilo litajibiwa na wataalamu. Utafiti bado haujafanywa.

MZEE: Na mashamba? Fidia ni pesa ngapi?

AFISA: Hiyo pia itakuwa ndani ya ripoti, mzee.

MAMA KATIBU: Hiyo ripoti sisi tutaiona lini?

AFISA: (anatazama saa) Itapelekwa Nairobi. Asanteni sana kwa maoni yenu.

NAIBU WA CHIFU: Tumpigie mgeni makofi! Soda ziko pale. Na tupige picha ya pamoja kabla hatujaachana.

Igizo likiisha, msikimbilie kutoa hukumu. Mwenyekiti aulize kwanza: katika mkutano huu wananchi walitoa maoni gani? Hesabuni. Kisha aulize: Mama Katibu alipata jibu gani? Halafu swali la tatu, ambalo ndilo kubwa: mwaka mmoja baadaye ile karatasi ya sahihi na ile picha zitakuwa wapi, na zitasema nini mbele ya mtu ambaye hakuwa chini ya mti ule?

Kikundi kikishajibu hilo, endeleeni na kisa cha kweli.

YALIYOTOKEA LAMU

Serikali na kampuni iitwayo Amu Power walipanga kujenga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe huko Kwasasi, upande wa bara wa kaunti ya Lamu. Ungekuwa mtambo wa megawati 1,050, wa kwanza wa aina yake nchini Kenya. Makaa yalikusudiwa kuletwa na meli kutoka nje, na baadaye yachimbwe Mui kule Kitui. Kwa hiyo msomaji wa Kitui asiseme Lamu ni mbali.

Mjue Lamu ni nini. Mji wake wa kale uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001. Watu wake wengi huishi kwa bahari: uvuvi, mikoko, vyombo vya kubeba abiria na wageni. Mwaliko wa siku ukikosa samaki, si chakula cha jioni tu kilichokosekana, ni karo ya shule pia. Ndiyo maana maswali yao kuhusu moshi, majivu na maji ya moto hayakuwa maswali ya kupoteza muda.

Mwezi wa Septemba 2016, NEMA, yaani mamlaka ya serikali inayosimamia mazingira, ilitoa leseni ya mradi huo. Wakazi waliokuwa wamejiunga katika umoja wa vikundi uitwao Save Lamu, pamoja na wenzao watano, wakakata rufaa mwaka huo huo mbele ya Jopo la Kitaifa la Mazingira. Jopo hili ni mahakama ndogo ya kesi za namna hii. Haibanwi na kanuni kali za ushahidi kama mahakama kubwa, na mwananchi anaweza kufika mwenyewe au kupitia wakili.

Tarehe 26 Juni 2019 Jopo likatoa uamuzi. Leseni ikafutwa.

Sasa tusikilize vizuri sababu yake, kwa kuwa vikundi vingi husimulia habari hii vibaya. Husema, "Jopo lilisema makaa ni mabaya." Hapana. Jopo lilikuta dosari kadhaa katika ripoti, kwa mfano sheria ya mabadiliko ya hali ya hewa ya mwaka 2016 haikuzingatiwa ndani yake. Lakini nguzo kubwa ya uamuzi ilikuwa ushirikishwaji wa wananchi. Kampuni haikukosa mikutano. Mikutano ilifanyika, na kumbukumbu zake zilipelekwa mbele ya Jopo. Taabu ni kwamba ilikuwa mikutano ya kutambulisha mradi, kabla utafiti wa athari haujafanywa. Baada ya utafiti kukamilika na ripoti kubwa kuandikwa, wananchi hawakurudiwa ipasavyo ili waelezwe yale yaliyopatikana na watoe maoni yao juu yake.

Tazameni tena igizo letu. Afisa alisema kweli: utafiti ulikuwa bado. Hakudanganya hata neno moja. Lakini mtu atatoaje maoni juu ya jambo ambalo hata mwenye mradi hajalijua?

Kanuni za mwaka 2003 za tathmini ya mazingira, ndizo zilizotumika katika kesi hii, zilikuwa wazi. Zilimtaka mwenye mradi abandike matangazo mahali pa watu wengi karibu na eneo la mradi, atangaze katika gazeti la nchi nzima kwa wiki mbili mfululizo, na atangaze redioni kwa lugha rasmi na lugha za wenyeji. Kisha afanye mikutano isiyopungua mitatu na watu watakaoguswa, ili kueleza mradi na athari zake, na kupokea maoni yao, ya mdomo au ya maandishi. Taarifa ya mkutano itolewe angalau wiki moja kabla, na mahali na saa viwe vya kuwafaa watu. Pawe na mtu anayefaa wa kupokea na kuandika maoni hayo pamoja na tafsiri zake.

Wekeni kidole kwenye yale maneno mawili: athari zake. Huwezi kueleza athari ambazo hujazichunguza. Hapo ndipo kesi ya Lamu iliposimama. Jopo lilifananisha ushirikishwaji wa wananchi na pumzi: ripoti isiyo nayo imezaliwa mfu, hata ikiwa nene namna gani na yenye picha za kupendeza.

Kampuni ilikata rufaa katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Malindi. Mwezi wa Oktoba 2025 mahakama hiyo ilikubaliana na Jopo, na leseni ikabaki imefutwa. Tangu leseni kutolewa hadi siku hiyo ilikuwa miaka tisa. Watoto waliokuwa chekechea wakati leseni inatolewa walikuwa wanakaribia kumaliza shule ya msingi au wameshaimaliza.

KIKAO CHA YEZREELI

Fungueni Biblia, kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 21. Mmoja asome polepole mpaka mahali Ahabu anapochukua shamba.

Tumezoea kuhubiri sura hii kama habari ya mfalme mwenye tamaa na mke mkatili. Ni kweli, lakini leo tuisome kama watu wa vikao. Ahabu alianza kwa njia ya kawaida: alitaka shamba la mizabibu la Naboti, akaahidi jingine bora au fedha. Naboti akakataa kwa sababu lilikuwa urithi wa baba zake. Baada ya hapo angalieni jinsi mambo yalivyofanywa. Yezebeli hakutuma askari usiku. Aliandika barua kwa jina la mfalme, akazitia muhuri. Barua zikaenda kwa wazee wa mji. Wazee wakatangaza mfungo na kuwakusanya watu. Naboti akapewa mahali pa mbele, pa heshima. Mashahidi wakawa wawili, kama torati ilivyotaka.

Barua, muhuri, wazee, baraza, kiti cha mbele, mashahidi. Ukipewa kumbukumbu za kikao kile usome, ungesema utaratibu wote ulifuatwa. Naboti alikuwa amekufa na shamba limekwenda.

Swali kwa kikundi: wale wazee wa Yezreeli walikuwa majirani wa Naboti. Kwa nini hakuna hata mmoja aliyeuliza barua imetoka wapi? Zungumzeni bila kutaja majina ya watu wa hapa kijijini. Mwenyekiti asimamie hilo kwa nguvu.

Akina mama mara nyingi huambiwa mambo ya ardhi ni ya wazee. Basi kabla ya kufunga Biblia, someni pia Hesabu sura ya 27, habari za mabinti watano wa Selofehadi. Walisimama mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa, kuhani, wakuu na mkutano wote, wakadai fungu la baba yao. Musa hakuwaambia wakae chini. Alilipeleka neno lao kwa Mungu, na sheria ya urithi ikapata kifungu kipya. Wenzetu Waislamu katika kikundi wana mafundisho yao juu ya ushauriano na haki ya jirani. Wapewe nafasi wayaeleze. Huko Lamu, ambako wengi ni Waislamu, kazi hii haikuwa ya dini moja.

DAFTARI LA KIKUNDI

Sasa tufike kazini. Mwananchi akisema "hatukushirikishwa" na kampuni ikitoa mezani orodha ya sahihi mia mbili na picha za watu wakicheka na chupa za soda, nani ataaminiwa? Soda yenyewe si dhambi. Kunyweni, jua ni kali. Lakini kikundi kiwe na maandishi yake.

Vikundi vyetu vinajua kuandika. Kila wiki mwekahazina huandika nani amelipa hamsini na nani ana deni. Daftari hilo hilo, ukurasa mwingine, linatosha kwa mkutano wa mradi. Katibu aandike tarehe, mahali, saa iliyotangazwa na saa mkutano ulipoanza kweli. Aandike habari za mkutano zilitufikiaje na siku ngapi kabla: kwa karatasi iliyobandikwa, kwa redio, au kwa kijana wa bodaboda aliyepita jioni akipiga kelele. Aandike nani aliongoza na nani alizungumza kwa niaba ya kampuni, lugha iliyotumika, na kama kulikuwa na mkalimani au la. Mkutano wa Kiingereza kitupu mbele ya wazee wasiokijua ni jambo la kuandikwa kwa wino.

Kisha aandike karatasi gani zilionyeshwa. Je, ripoti ililetwa, au ilitajwa tu? Kama ililetwa, ilikuwa na kurasa ngapi, na watu walipewa muda gani kuisoma? Ripoti ya kurasa mamia, yenye maneno ya kitaalamu, ikiwekwa mezani kwa saa moja, haijasomwa na mtu.

Halafu maswali na majibu. Hapa makatibu wengi hukosea kwa adabu. Swali likikosa jibu, wao huandika, "Mgeni alijibu maswali yote vizuri." Usiandike hivyo. Andika maneno yenyewe: Mama fulani aliuliza kuhusu samaki, afisa akasema litajibiwa na wataalamu. Sentensi hiyo moja ina uzito kuliko kurasa tano za shukrani. Inaonyesha kwamba siku ile athari zilikuwa hazijulikani, na kwamba mliahidiwa kurudiwa.

Aandike pia nani hawakuwapo na kwa nini. Mkutano ukiitwa siku za bamvua, wavuvi wako baharini. Ukiitwa siku ya soko, wanawake wako sokoni. Ukiitwa wakati wa ukame, wafugaji wako mbali na mifugo. Mkutano unaweza kujaa watu na bado ukawakosa wale ambao mradi utawagusa zaidi.

Na ile karatasi ya sahihi? Usiikatae kwa fujo. Isome kwanza. Kama juu haina kichwa, omba kiandikwe pale pale: orodha ya mahudhurio, mkutano wa tarehe fulani. Kama afisa hataki, kila mtu aandike mwenyewe kando ya jina lake: nimehudhuria tu. Anayetia kidole amwombe mtu anayemwamini amwandikie maneno hayo. Vijana wapige picha ya karatasi kwa simu kabla haijaondoka. Hakuna sheria inayokataza raia kupiga picha karatasi aliyoitia sahihi yake.

Jioni hiyo hiyo, kabla maneno hayajapoa, katibu awasomee wanachama aliyoyaandika. Palipokosewa parekebishwe. Watu watano au zaidi waliokuwapo watie sahihi chini. Nakala moja ipelekwe kwa chifu au ofisi ya NEMA ya kaunti na nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa. Daftari lenyewe likae mahali salama, parokiani au nyumba isiyovuja. Mchwa wamewahi kushinda kesi nyingi.

Neno moja kwa ndugu zetu wa ardhi ya jamii, hasa kaskazini. Kwa sheria ya ardhi ya jamii ya mwaka 2016, mapatano na mwekezaji hayawi halali mpaka theluthi mbili ya watu wazima wa jamii wayakubali katika mkutano ulioitwa kwa jambo hilo. Huko orodha ya waliohudhuria baraza la chifu haiwezi kugeuzwa kuwa kura.

SIKU ZA KUHESABU

Wengi hushindwa kwa kalenda, si kwa hoja. Ripoti ikiwasilishwa, NEMA hutoa tangazo la kualika maoni, na tangazo hutaja mwisho wa kuyapokea. Gazeti rasmi la serikali halifiki vijijini, hilo tunalijua sote. Basi kikundi kimteue mtu mmoja wa kupita ofisi ya NEMA ya kaunti kila wiki mbili na kuuliza. Mwalimu mstaafu au kijana anayekwenda mjini mara kwa mara anafaa. Nauli yake itoke katika mfuko wa kikundi.

Leseni ikitolewa na hamkuridhika, rufaa kwa Jopo hukatwa ndani ya siku 60. Siku za Jumapili na sikukuu nazo zinakwenda. Leseni ya tarehe 1 Machi, siku ya sitini ni tarehe 30 Aprili. Msidhani pia kwamba rufaa peke yake inazuia tingatinga. Mwombeni wakili aombe amri ya kusimamisha kazi mara moja. Kanuni hizi hubadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo kabla ya kuandika chochote ulizeni zinazotumika wakati huo. Ofisi za Haki na Amani za majimbo ya kanisa huweza kuwaelekeza kwa mawakili wa mashirika yanayosaidia bila malipo.

Kuna mlango mwingine pia. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 70, inamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kwa ajili ya haki ya mazingira safi, wala si lazima aonyeshe kwamba yeye mwenyewe amepata hasara. Wavuvi wa Lamu walipita mlango wa mahakama kuhusu bandari mpya: walishtaki mwaka 2012, na Mahakama Kuu ikatoa uamuzi wa kuwaunga mkono tarehe 30 Aprili 2018. Tena miaka sita.

WANAOTAKA NA WASIOTAKA

Tusidanganyane. Si kila mtu wa Lamu alipinga mtambo. Walikuwako vijana waliongojea kazi, na wenye mashamba ya Kwasasi waliongojea fidia. Mtu aliyeambiwa shamba lake litanunuliwa huogopa kupanda mnazi mpya au kujenga nyumba ya kudumu. Miaka tisa ya kungoja ni adhabu kwake, na kumwita msaliti ni kumwongezea adhabu.

Na uamuzi wa Jopo haukusema mradi hauwezi kujengwa kamwe. Ulisema anayetaka kuendelea afanye utafiti upya, kwa kufuata sheria. Kwa hiyo kikundi kisigawanyike kwa swali la "unataka au hutaki" kabla ya wakati wake. Kijana anayetaka kazi anahitaji kujua ni kazi ngapi, za miaka mingapi, na za watu wenye vyeti gani. Mwenye shamba anahitaji kujua ekari yake itathaminiwaje na lini. Mvuvi anahitaji kujua maji yatapanda joto kiasi gani. Majibu yao yote yamo ndani ya ripoti moja, au hayamo. Anayeutaka mradi na asiyeutaka wanaweza kutia sahihi barua moja ya kuiomba ripoti hiyo. Wakishaisoma, wabishane.

Jambo la mwisho kabla ya zoezi, na si la kupendeza. Human Rights Watch pamoja na muungano wa watetezi wa haki nchini walitoa ripoti mwaka 2018 kuhusu watetezi wa mazingira wa Lamu waliotishwa, kukamatwa na kuzuiwa kukutana. Kwa hiyo barua za kikundi zitiwe sahihi na viongozi wote, si katibu peke yake. Mtu asiende ofisini mmoja, waende wawili au watatu. Lugha iwe ya heshima daima. Asiyetaka jina lake litokee asilazimishwe, ana sababu zake na pengine ana watoto wadogo.

ZOEZI: BARUA YA KUOMBA RIPOTI

Sheria ya kupata habari ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba habari zilizo katika ofisi za serikali. Ombi huandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, hivyo msione haya kuandika lugha yenu. Asiyejua kuandika, ofisi inapaswa kumsaidia kuliandika ombi. Huhitaji kueleza kwa nini unataka habari hiyo. Ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 21, na malipo yasizidi gharama ya kutoa nakala. Ikikaa kimya au ikikataa, mnapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi huijua kwa jina la Ombudsman.

Hata kama hapa kwenu hakuna mradi, andikeni leo kwa mazoezi. Mfano ni huu:

Kikundi cha ____________
S.L.P. ____________
Tarehe ____________

Kwa Mkurugenzi wa NEMA,
Kaunti ya ____________

YAH: OMBI LA RIPOTI YA ATHARI ZA MAZINGIRA, MRADI WA ____________

Sisi ni raia na wakazi wa kijiji cha ________, kata ndogo ya ________. Kwa sheria ya kupata habari ya mwaka 2016 tunaomba nakala ya ripoti ya athari za mazingira ya mradi uliotajwa hapo juu, pamoja na muhtasari wake kwa Kiswahili ikiwa upo. Tunaomba pia kumbukumbu za mikutano iliyofanywa katika kijiji chetu na orodha za mahudhurio zilizoambatishwa, na kujulishwa kama leseni imeshatolewa, na kwa tarehe gani.

Tulihudhuria mkutano wa tarehe ________. Maswali yetu kuhusu ________ hayakujibiwa siku hiyo, tuliambiwa majibu yatakuwa katika ripoti.

Wenu,
Mwenyekiti, Katibu, Mwekahazina (majina, sahihi na nambari za kitambulisho)

Chapeni au andikeni kwa mkono nakala mbili. Moja iachwe ofisini, na ya pili irudi na muhuri na tarehe ya kupokelewa. Karani akisema muhuri haupo leo, mwandike jina lake na saa mliyofika, kisha mrudi kesho yake. Siku 21 zinahesabiwa tangu barua ilipopokelewa. Katibu aiandike siku ya mwisho kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, pale ambapo mwekahazina huandika tarehe ya mkutano ujao.